Picha ya Kichwa Kutoka Moshi

Watu wa tambarare wana utani wao, kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mwalimu Ernesta Elirehema aliuchukia utani huo kuliko matusi, kwa sababu ulimkaa sawasawa kama gauni la kupimwa na fundi. Ila safari hii, alijiambia, si kesi ya kuku. Safari hii ni shamba la mama yake kule Mhezi, na nyumba iliyomo, na kaburi la mama nyuma ya nyumba, na vyote hivyo dada yake Veneranda alikuwa amekusudia kumwandikia mkata mkonge.

Huyo mkata mkonge, kusema haki, alikuwa hajakata mkonge kwa miaka tisa. Jina lake Majaliwa, mtu wa Kigoma, aliyekuja na vibarua wenzake kwenye mashamba ya mkonge kule bondeni, na kazi ilipomchosha akapanda mlimani kutafuta pa kulima. Veneranda alimpa kipande, akakilima. Akalima na cha Veneranda. Akazibua mfereji unaotoka kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji wanalogawiana maji kwa zamu, akajenga upya kuta za mawe zilizokuwa zimeporomoka tangu enzi za baba yao. Ernesta hakuona hata moja katika hayo. Yeye alikuwa Same mjini, mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi, na Mhezi alipanda Krismasi hadi Krismasi, siku mbili tu, na viatu vyake havikuwa vya kule. Wahenga walishasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na Majaliwa alikuwa amelichukua.

Maana dada hao walikuwa wamegombana, na si ugomvi wa kuazimana chumvi. Mama yao aliugua ugonjwa wa kusahau kwa miaka minane. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili kwenye makande, akaishia kumwita Veneranda "mama" na kulia kila jua linapozama akitaka arudishwe kwao. Veneranda, aliyekuwa ameachika huko Ndungu na kurudi nyumbani na kisanduku kimoja, ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamfuata korongoni alipopotea. Ernesta alituma sukari. Alituma na ushauri kwa simu. Siku ya msiba alipofika na kutaka kuingia chumbani kusaidia kuosha maiti, Veneranda alisimama mlangoni mbele ya kina mama wote wa jumuiya akamwambia, "Wewe kaa na wageni." Ernesta alikaa na wageni. Tangu siku ile hakumpa dada yake shikamoo, na katika nchi ile mdogo kumnyima mkubwa wake shikamoo ni sawa na kumtemea mate usoni.

Miaka minne ilipita hivyo. Halafu jirani yao wa Mhezi, mama mmoja aitwaye Lukia, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akapiga simu.

"Mwalimu, umesikia? Dada yako anamwandikia Majaliwa shamba. Tarehe kumi na nne, ofisi ya kijiji, mbele ya mtendaji. Wanatafuta mashahidi."

Ernesta alisikia damu ikimpanda masikioni.

"Na tena," Lukia akaendelea, "sijui hata kama anajua anachofanya. Wiki hii kanirudishia bakuli langu mara tatu. La kwanza langu kweli. Hayo mawili sijui ya nani."

Hapo ndipo Ernesta alipotulia. Kwa dada mwingine habari ile ingekuwa msiba, kwake ilikuwa kama kupewa silaha mkononi. Furaha iliyomjia aliijua kuwa ni mbaya, akaipokea hivyohivyo. Mtu asiye na akili timamu hawezi kugawa ardhi, kila mtu analijua hilo. Sahihi yake haina thamani zaidi ya alama ya mguu wa kuku. Lakini akilisema mbele ya wanakijiji nani ataamini? Watasema Mwalimu ana tamaa. Alihitaji kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukibishia. Kwenye simu yake alikuwa amesoma kwamba siku hizi kuna mashine zinazopiga picha ya ubongo wenyewe, zinaona ugonjwa wa kusahau ukiwa bado mchanga, kabla mtu hajaanza kupotea njia. Mama alikufa bila kupigwa picha. Dada atapigwa.

Tatizo ni kwamba Veneranda hakuwa na bima, na kipimo kile si cha bei ya dawa ya minyoo. Kutoa fedha zake mwenyewe kwa ajili ya kichwa cha Veneranda, hapana, hilo Ernesta hakuliweza. Lakini kadi ya bima alikuwa nayo, yenye picha yake. Na wale wawili, licha ya miaka sita kati yao na chuki yote ile, walifanana kama shilingi kwa ya pili. Paji la uso lilelile, pengo lilelile katikati ya meno ya mbele. Ukimvika Veneranda gauni la kazini na miwani, nani atajua?

Akapanda Mhezi Jumamosi. Alimkuta dada yake uani anapukuchua mahindi, na Majaliwa pembeni ananoa panga.

"Shikamoo, dada." Ilimtoka kama mwiba unavyotoka mguuni.

Veneranda akainua kichwa. "Marahaba. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa. Nimesikia kichwa kinakusumbua."

"Nani kakwambia? Lukia? Yule mdomo wake unahitaji kufuli." Akaendelea kupukuchua. "Kinauma jioni. Si sana."

"Twende Moshi ukapimwe. Gharama juu yangu."

Veneranda aliacha mahindi. "Juu yako wewe?"

"Ndugu ni ndugu," Ernesta alisema, na hakuona haya.

Majaliwa ndiye aliyekata shauri. "Nenda, mama. Afya kwanza. Ng'ombe nitawaangalia." Ernesta alimchukia maradufu, kwa kuwa mtu asiye na haki ya kusema lolote alikuwa amesema lile hasa alilolitaka yeye.

Ndani ya basi la Moshi alimfundisha dada yake kama anavyofundisha darasa la kwanza.

"Jina lako nani?"

"Veneranda."

"Ernesta! Leo wewe ni Ernesta. Ernesta Elirehema, mwalimu, umezaliwa elfu moja mia tisa sitini na nane. Jina lako nani?"

"Ernesta. Na wewe utakuwa nani?"

"Mimi ni dada yako, nimekusindikiza."

Veneranda akacheka, kicheko cha zamani ambacho Ernesta alikuwa amekisahau. "Leo umekua, kumbe." Kisha akageukia dirishani kuangalia mashamba, na walipofika Mwanga akauliza, "Tunakwenda msibani?" Ernesta akarudia somo toka mwanzo.

Hospitalini waliita jina lile siku nzima. Ernesta Elirehema, dirisha la usajili. Ernesta Elirehema, chumba namba nne. Mara ya kwanza Ernesta wa kweli ndiye aliyenyanyuka, ikabidi ajifanye ananyoosha mgongo. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimpa Veneranda maneno matano akumbuke: jembe, kikombe, barabara, jogoo, shati. Wakazungumza habari za mvua, kisha akamwomba ayataje.

"Jogoo," Veneranda alisema. Akafikiri kwa uchungu. "Na makande."

Kwenye mashine wakamvua hereni na rozari, wakamlaza chali, kitanda kikamwingiza kwenye tundu jeupe hadi kifuani. Ernesta alikaa nje akisikiliza mlio unaogonga na kugonga. Hakumwombea dada yake. Alikuwa anaomba lakini, na aliloliomba afadhali nisiliandike hapa. Veneranda alipotoka macho yalikuwa yamemlegea. "Humo ndani wanatwanga," alisema. "Wanatwanga tu, hawapepeti."

Baada ya siku tatu Ernesta alirudi peke yake kuchukua majibu. Daktari alibandika ile filamu nyeusi kwenye kioo chenye taa, picha ishirini za kichwa kimoja, akamwonyesha sehemu ndogo iliyojificha ndani pande zote mbili.

"Hapa ndipo kumbukumbu mpya zinapohifadhiwa. Kwa mdogo wako pamesinyaa. Kwa mama wa miaka hamsini na saba hii ni mapema mno."

Ernesta nusura aseme sitini na tatu. Akauma ulimi.

"Picha peke yake haitoshi kusema ni ugonjwa gani," daktari akaendelea, "ila ukiiweka pamoja na vile vipimo vya kumbukumbu, inaelekea ni ule uliompata mama yenu. Hauna dawa ya kuuponya. Kuna za kuupunguza mwendo kidogo. Lakini tumeuwahi, na faida ya kuuwahi ni hii: akili ya kuamua mambo yake bado anayo. Apange mwenyewe sasa. Nani atamtunza, mali yake iende wapi. Baadaye hataweza." Akamtazama. "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi."

"Na wewe, dada, kwa kuwa iko kwenye familia, ungekuja kupimwa."

"Mimi niko sawa," Ernesta alisema, akakunja karatasi haraka. Katika maneno yote yale alikuwa ameondoka na moja tu, pamesinyaa. Yale ya kwamba akili ya kuamua bado anayo aliyaacha mezani kwa daktari. Na hakumwambia Veneranda kitu.

Karatasi ya majibu, bila shaka, ilikuwa na jina lake yeye mwenyewe. Hilo alikuwa amelitarajia. Same mjini kulikuwa na mtu mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, Yahaya, aliyewasomesha watoto wake watatu kwenye shule ya Ernesta.

"Badilisha jina hapa. Weka Veneranda. Na umri, sitini na tatu."

Yahaya aliishika karatasi kwa ncha za vidole. "Mwalimu, hii si cheti cha ubatizo. Hii ni ya hospitali."

"Wanao walifundishwa kusoma na nani?"

Yahaya akabadilisha. Ikatoka safi, huwezi kuona kovu. Ernesta aliiweka kwenye bahasha pamoja na ile filamu, kwa sababu aliwajua watu wake. Karatasi watu wa Mhezi wangeibishia mpaka ng'ombe warudi zizini, lakini picha ni picha.

Tarehe kumi na nne ofisi ya kijiji ilijaa. Mtendaji, Jenifer, alikuwa binti wa Mbeya aliyehamishiwa Mhezi mwaka ule, hana ndugu pale wala adui, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu mpaka nukta ya mwisho. Pembeni yake alikaa mwenyekiti wa kijiji, mzee Benedikto. Veneranda alivaa kitenge chake cha kanisani. Majaliwa alikaa mlangoni, kofia magotini. Hati ilikuwa mezani, imeshaandikwa, imebaki sahihi.

"Kuna mwenye pingamizi?" Jenifer aliuliza.

"Mimi." Ernesta alisimama. Alikuwa amekesha siku mbili akijiandaa kwa neno hilo. "Dada yangu hana akili ya kugawa shamba. Anaumwa ugonjwa uliomuua mama, na nina ushahidi wa mashine."

Watu wakaguna. Veneranda alimtazama mdogo wake kana kwamba anasikia lugha ya kigeni.

Ernesta alimkabidhi Jenifer karatasi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakuweza kuona macho hamsini yakimtazama asifundishe, akaitoa filamu, akaiinua dirishani jua likapenya. "Tazameni wote. Huu ni ubongo wa Veneranda. Hapa," akaonyesha kwa kalamu, na huenda alionyesha jicho, "ndipo kumbukumbu zinapokaa. Palitakiwa pawe pamejaa. Pamesinyaa! Mtu wa namna hii anaweza kukupa shamba asubuhi na mchana akauliza wewe ni nani. Na kuna watu," akamgeukia Majaliwa, "waliokuja hapa na panga tu, wanaomjua mtu wa namna hii wakimwona."

Majaliwa hakuinua kichwa. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu," na Ernesta akajua ameshinda.

"Naomba hiyo," Jenifer alisema. Akaichukua filamu, akasogea nayo dirishani, akaitazama kwa karibu, picha moja baada ya nyingine.

"Mwalimu. Hapa kwenye kona kuna maandishi madogo meupe."

"Ni ya hospitali."

"Ni jina. Ernesta Elirehema. Mwanamke. Elfu moja mia tisa sitini na nane." Akahamia picha ya pili. "Na hapa Ernesta. Na hapa pia." Alizisoma zote ishirini, hana haraka, kisha akaichukua karatasi akailinganisha. "Namba ya jalada ni ileile. Tarehe ileile. Karatasi inasema Veneranda, picha zote zinasema Ernesta. Kipi ni cha kweli?"

Kuna nyakati mtu huona maisha yake yote yamepungua yakawa milango miwili, na yote miwili ina moto nyuma yake. Akisema kichwa kile ni cha Veneranda, basi alimpima kwa kadi isiyo yake. Ni wizi wa bima, na karatasi ni ya kughushi, na mtendaji huyu asiye na ndugu wala adui ataandika barua kabla ya saa sita. Kazi imekwisha. Imebaki miaka mitatu astaafu, na kiinua mgongo kitakwenda na maji. Akisema ni chake, mwalimu mgonjwa hafungwi. Mwalimu mgonjwa anapewa pole na kupumzishwa. Lakini shamba litakuwa limekwenda, maana nani atasikiliza pingamizi la mtu mwenye ubongo uliosinyaa?

"Mwalimu?"

"Picha," Ernesta alisema. "Picha ndiyo ya kweli."

"Na karatasi?"

"Walikosea kuchapa."

Benedikto alivua miwani. "Yaani aliyekuja kutuambia mwenzie hana akili, kichwa ni chake?"

"Amesahau kama mgonjwa ni yeye!" mtu akapaza sauti nyuma, na ofisi nzima ikaangua kicheko, kile kicheko cha milimani ambacho kitakufuata mpaka kwa wajukuu. Ernesta alisimama katikati yake. Aliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina.

"Pingamizi halina ushahidi," Jenifer alisema bila kucheka. "Mama Veneranda, njoo uweke sahihi."

Veneranda alinyanyuka. Lakini hakwenda mezani. Alikwenda kwa mdogo wake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na watu wakanyamaza kidogokidogo.

"Hukuniambia," alisema.

"Nini?"

"Siku ile ya Moshi. Siku nzima wanaita Ernesta, Ernesta, nami najiuliza huyu mtoto ana nini. Nimekusindikiza mpaka mlangoni na hukunitamkia. Ukasema kichwa kinaniuma mimi! Hata lile tundu ulinitanguliza mimi niingie kwanza, kama tulipokuwa wadogo ukitaka kujua kama maji ya mtoni ni ya baridi." Machozi yalikuwa yameshaanza kumtiririka. "Ungesema tu, mdogo wangu. Ningeingia hata mara kumi."

"Dada, nyamaza."

"Mama naye alianza hivihivi. Akawa mkali. Akaona kila mtu mwizi." Veneranda aliwageukia watu, kana kwamba anawaombea msamaha. "Miaka minne huyu hanipi shikamoo. Nikasema ana roho mbaya, ananichukia. Nikamchukia na mimi. Kumbe maskini ya Mungu anaumwa."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Ernesta alitaka kupiga kelele kwamba hapana, haumwi, anamchukia kwa akili zake zote timamu, kila siku katika miaka ile minne alijua anachofanya. Kinywa kilifunguka. Akamwona Jenifer ameshika kalamu juu ya karatasi, akakifunga.

"Sisaini," Veneranda alimwambia mtendaji. "Shamba la mama halitoki. Huyu akizidiwa atakwenda wapi? Hana mume, hana nyumba, ile ya shule watamtoa. Atakuja kwangu. Mama nilimwuguza mimi, na yeye nitamwuguza." Akamtafuta Majaliwa kwa macho. "Baba, unisamehe. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, mama," Majaliwa alisema.

Jenifer aliichana hati katikati. Ernesta alikuwa amepata kila alichokipandia mlima: shamba, nyumba, kaburi. Akasema, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja aseme kitu, "Asante, dada."

Nje, Veneranda alitangulia kuagana na watu, akiwaambia mmoja mmoja wamwombee mdogo wake. Majaliwa alimsogelea Ernesta. Katika miaka tisa walikuwa hawajawahi kusimama karibu kiasi kile.

"Mwalimu, lile shamba sikuliomba."

"Niondokee."

"Aliniita mwezi wa pili. Akasema, naona naanza kama mama. Akaniambia, nikipotea nifuate, usinifungie ndani. Nikikuita baba, itika. Ukinifanyia hivyo, shamba ni lako na la wanao. Tulipatana hivyo." Alivaa kofia yake. "Nina watoto Kigoma. Bila shamba siwezi kukaa hapa kumlinda mtu. Mwisho wa mwezi nashuka. Nilitaka tu nijue ni nani atakayekuwa anamfuata."

Majaliwa alichukua jembe lake lililoegemezwa ukutani. Akateremka kwa njia ya bondeni, jembe begani, bila kugeuka nyuma. Ndipo maneno ya daktari yalipomrudia Ernesta, yale aliyoyaacha mezani. Apange mwenyewe sasa. Alikuwa ameshapanga. Alipanga vizuri, kabla ya mashine, bila kumsumbua mtu, na mdogo wake akaja kuvuruga kwa kalamu na filamu mbele ya kijiji kizima.

"Twende nyumbani," Veneranda alisema, akamshika kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mtoto anayevuka barabara. "Angalia jiwe hilo. Polepole." Kila waliyekutana naye njiani alimwambia, "Huyu mdogo wangu ni mgonjwa, mpisheni," nao wakapisha, wakimtazama Ernesta kwa huruma iliyomchoma kuliko kicheko.

Walifika njia panda, pale kulia unapanda kwenda kwao na kushoto unakwenda kwenye ndiva na korongo lililo chini yake. Veneranda alikuwa amepita pale tangu utotoni, mara zisizohesabika. Alisimama. Alitazama huku, akatazama huku, midomo ikichezacheza kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kisha akashika ya kushoto.

"Dada," Ernesta alisema. "Nyumbani ni huku."

Veneranda alimgeukia. Alimpapasa shavu kwa kiganja chake kigumu, na uso wake ulikuwa mpole kuliko ulivyokuwa siku yoyote tangu mama afariki.

"Nyamaza, mdogo wangu," alimwambia. "Mgonjwa ni wewe."

Ernesta hakumvuta wala hakubisha. Alimshika mkono sawasawa, akamfuata kuelekea korongoni.